Binti yangu amepata kazi ya kupima miti ile ile kila mara. Hii ni kazi kweli?

Spea_Kirinyaga

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mzee wa spea pale Kirinyaga Road, sayansi niliiacha darasani zamani, kwa hiyo mkinijibu mshuke kidogo nifike nanyi.

Kifungua mimba wangu alimaliza Chiromo, upande wa biolojia. Amekaa nasi hapa Kahawa West akituma barua za kazi mpaka akachoka, na sasa kikundi fulani cha watafiti kimemwita awe msaidizi. Kazi yenyewe, kama alivyonieleza: wanaingia msituni, wanatafuta miti iliyopigiliwa vibati vya namba, wanaizungushia tepu, wanaandika, wanatoka. Baada ya muda wanarudi kwa miti ile ile. Hawapandi, hawakati, hawauzi. Mkataba ni wa mwaka mmoja, unaweza kuongezwa. Mafunzo ameshaanza. Juzi alirudi mikono imechanika, siafu wamemwingia hadi ndani ya soksi, na bado anacheka. Mamake hakucheka.

Nikamuuliza, "Sasa mtajua nini?" Akasema wanachunguza jinsi misitu ya nchi za joto inavyoitikia mazingira yanapobadilika: joto, ukame, hewa ukaa kuzidi. Nikaitikia "haya", lakini sikuelewa.

Mti ukishapimwa si umepimwa? Kwa nini wasiende kwa mwingine, na mwingine, mpaka msitu wote ujulikane? Halafu huyo huyo binti ananiambia hewa ukaa ndiyo chakula cha mti. Kama chakula kimezidi, si miti inanenepa? Shida iko wapi hapo? Na la mwisho ni la mzazi: huko kuna maisha, au atazeeka na tepu mkononi?

Sitaki kumvunja moyo. Ila mdogo wake anaingia chuo mwakani na karo mnazijua.

Msee_wa_Roysambu

Mzee, hiyo ni biashara ya kaboni, usizungushwe. Wanapima miti wajue ina kaboni kiasi gani, wanaenda kuuza hati kwa makampuni ya ng'ambo yenye moshi mwingi. Mwanakijiji anabaki na kivuli. Binti yako akilipwa mwisho wa mwezi achukue, mengine awaachie wenyewe.

Kamba_na_Panga

Mzee mwenzangu, mimi sijasoma hayo ya chuo, lakini msituni nimewashikia kamba watu wa namna hiyo kwa miaka mingi, Kakamega na kwingineko. Ni kazi. Watoto wangu wamesoma kwa hiyo kazi.

Huyo wa Roysambu anachanganya mambo mawili. Wapimaji wa hati za kaboni huja mara moja, wanachukua vipimo vyao na kuondoka, huwaoni tena mpaka karatasi zao ziishe muda. Hawa wa utafiti wanarudi hadi unachoka. Wanaweza kukaa nusu saa kwenye mti mmoja uliooza wakibishana ulikufaje. Mwanzoni nilidhani wamerukwa na akili.

Binti ajifunze majina ya miti mapema, na asisubiri maua. Msituni mara nyingi jani liko mita 30 juu na huwezi kulifikia. Utakachopata ni gome. Unalikwangua kidogo kwa ncha ya panga, unatazama rangi ya ndani, unanusa, unangoja uone kama kuna utomvu na ni wa rangi gani. Muiri ukiukwangua unapata harufu ya lozi chungu, ukishaisikia mara moja huisahau. Anayejua magome hakosi kazi, hata mwenye digrii nyingi anamfuata nyuma.

Mukinduri

Mzee, heshima zako. Nafanya kazi hiyo hiyo anayoianza binti yako, isipokuwa siku hizi nashika kompyuta kuliko tepu, jambo ambalo silifurahii. Kamba_na_Panga amesema kweli tupu kuhusu magome. Nianze na swali lako la kwanza, maana ukilishika hilo, la pili linakuja lenyewe.

Ukisimama hapo Kirinyaga Road ukahesabu magari yanayopita, utajua yako mangapi na ni ya aina gani. Hutajua ni mangapi yaliyokufa mwaka huo, wala kama yaliuawa na injini au na ajali. Kwa hilo ni lazima uwe na logibuku za magari fulani, uyafuate moja moja hadi yafike kwa watu wa vyuma vikuukuu. Ploti ya kudumu ndiyo logibuku ya msitu, na kile kibati ndiyo namba ya usajili.

Ploti kwa kawaida ni hekta moja, mita 100 kwa 100, imegawanywa kwa kamba kuwa vipande vya mita 20 kwa 20. Kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi unapigiliwa kibati kwa msumari wa alumini, unatajwa jina, na unapimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kama mizizi imepanda ubavuni mwa shina mpaka juu ya hapo, unabeba ngazi ukapime juu ya mizizi, na unaandika umepimia wapi. Pale ulipopimia unachora mstari kwa rangi.

Huo mstari ndio roho ya kazi yote. Mti wa msitu uliokomaa unaongeza milimita chache kwa mwaka, na mingine iliyo kivulini haifikishi hata moja. Tepu ikiwekwa sentimita tatu juu ya mstari, au ikazungushwa juu ya mmea mtambaao ulioshika shina bila kuupenyeza chini yake, ukuaji wa miaka kadhaa umepotea au umezuliwa. Shina lenyewe pia si kitu kilichotulia. Baada ya masika limejaa maji na gome limevimba, Januari jua likiwaka linasinyaa. Ndiyo maana tunajitahidi kurudi msimu ule ule. Asiyejua haya hupima msitu, kisha anarudi na habari za mvua ya wiki iliyopita.

Watu wakisikia kupima miti wanafikiria ukuaji. Mimi nikifika plotini, mawazo yangu yote yako kwenye vifo. Hesabu yake iko hivi: hekta ya msitu wa mvua wa Afrika ina wastani wa miti 400 na kitu ya ukubwa huo, na katika misitu ya nchi za joto inayokufa kwa mwaka ni kama mmoja au miwili katika kila mia. Kwa hiyo hekta nzima, miti minne hadi minane kwa mwaka. Mwaka huu ikifa mitano, mwaka ujao saba, hujajua lolote, huenda ni upepo wa usiku mmoja. Ili useme kwa uhakika kwamba vifo vimeongezeka, unahitaji mamia ya hekta na miongo ya miaka, na watu wanaokubali kuanza kitu ambacho wengine ndio watakaokimaliza.

Na kila kifo kinaulizwa. Umekaukia wima? Umevunjika katikati? Umeng'oka na mizizi? Umeangukiwa na jirani? Uliokaukia wima na gome lake bado limeshika unakuelekeza kwenye ukame au ugonjwa. Uliong'oka na donge la udongo unakuelekeza kwenye upepo na ardhi iliyolowa. Ila hapo pia pana mtego. Unakumbuka mvua zilivyotukosa misimu mitano mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, kisha ikaja El Nino ya 2023, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Mti ulioumizwa mizizi na ukame si lazima uanguke wakati wa ukame. Unaweza kusimama mwaka, miwili, halafu mvua ikilainisha udongo unalala. Mpita njia anasema mvua imeuangusha. Mwenye daftari la miaka kumi anaona kwamba mti ule ulikuwa umeacha kunenepa tangu 2021.

Nikupe na picha ya kazi yenyewe, maana binti atakuja kukusimulia. Mti unakimeza kibati. Gome linavimba kuzunguka msumari, linafunika ukingo, kibati kinajikunja. Ukirudi baada ya miaka unakuta namba tatu za kwanza zinasomeka na ya mwisho imeingia ndani nusu. Unaifuta kwa kidole gumba chenye mate, unamulika tochi kutoka ubavuni ili mikwaruzo itupe kivuli, mmoja anasema 3, mwingine anasema 8, wa tatu anafungua ramani ya ploti kuona mti wenye namba inayoishia 8 ulikuwa upande gani wa kijito. Ndiyo maana tunaacha msumari umechomoza vidole viwili hivi, upate nafasi ya kumezwa. Kuna miradi iliyopigilia misumari mpaka kichwani ili kibati kikae vizuri kwa picha. Nimeirithi ploti ya namna hiyo. Sitawataja.

Swali la pili nitalirudia usiku, nina wanafunzi mlangoni.

Spea_Kirinyaga

Asante sana mwalimu. Hilo la logibuku nimelielewa hadi mwisho. Nasubiri la hewa ukaa.

Mukinduri

Nimerudi.

Binti hakukosea. Charles Keeling alipoanza kupima hewa pale Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, hewa ukaa ilikuwa sehemu kama 315 katika kila milioni. Leo imepita 420. Jani lina vitundu vidogo sana, na kila kinapofunguka kuingiza hewa ukaa, maji yanatoka. Hewa ikiwa imejaa hiyo gesi, jani linashiba kwa kufungua kidogo, na maji yanabaki. Kwa hiyo kitu ulichokisema, kwamba miti inanenepa, kimeonekana kwa tepu, si nadharia.

Utafiti ninaoutegemea zaidi ulitoka 2020, wa Wannes Hubau, Simon Lewis na wenzao wengi, wakiwemo Waafrika waliokuwa ndani ya msitu wenyewe. Walikusanya ploti 244 za misitu ya Afrika isiyoguswa, katika nchi 11, wakazilinganisha na ploti 321 za Amazoni. Kwa miaka 30 hadi 2015, misitu ya Afrika iliendelea kuingiza kaboni, ile iliyomo ndani ya hewa ukaa, kuliko ilivyotoa, wastani wa tani 0.66 kwa hekta kila mwaka, bila kuyumba. Amazoni ilikuwa imeanza kushuka tangu miaka ya 1990. Ukuaji ulikwama, vifo vikapanda.

Kwa nini wao kwanza? Misitu mingi ya Afrika iko juu kidogo kutoka usawa wa bahari, ina ubaridi kuliko ile ya Amazoni, na ukame wa Amazoni umekuwa mkali. Lakini kuna jambo jingine ambalo ndilo jibu la swali lako. Kaboni ikiingia ndani ya mti wa msitu wa Afrika, inakaa wastani wa miaka 69 kabla mti haujafa na kuirudisha. Amazoni ni miaka 56. Mti uliolishwa vizuri unafika ukubwa wake mapema, na unaweza kufa mapema. Ukuaji tunauona leo, vifo vyake vinakuja miongo baadaye. Na katika zile ploti za Afrika zinazofuatiliwa kwa karibu zaidi, vifo vimeanza kuongezeka tangu karibu 2010. Kwa makadirio yao, kufikia 2030 uwezo wa misitu ya Afrika kumeza kaboni utakuwa umepungua kwa asilimia 14 ukilinganisha na 2010 hadi 2015.

Kwa dunia nzima hesabu yao inatisha zaidi: miaka ya 1990 misitu isiyoguswa ya nchi za joto iliondoa asilimia 17 ya hewa ukaa tunayoitoa sisi binadamu. Miaka ya 2010, asilimia 6. Msitu umepungua, kasi yake imepungua, na sisi moshi tumeongeza.

Kwa hiyo mzee, ndiyo, miti inanenepa. Ila siku zote inayonenepa ndiyo inayopigiwa picha. Ukitaka kujua msitu unaelekea wapi, fuata inayokufa, na tazama inayokuja kuchukua nafasi yake.

Hiyo ya kuchukua nafasi inanikosesha usingizi kuliko kaboni. Muhugu ni mti mgumu, mzito, unakua polepole. Wachongaji wa vinyago vya Kiakamba waliutafuta mpaka ukawa adimu. Mukinduri, ambao nimejipa jina lake hapa, unakimbia, unapenda mwanga, unajaza pengo haraka. Muhugu wa zamani ukifa na mikinduri mitatu ikaota, setilaiti itaona kijani kile kile. Ndani wenyeji wamebadilishwa, mbao nzito imeondoka, na ndege na nyuki waliofuata muhugu wanatafuta pa kwenda. Hilo hulioni angani. Unaliona ukiwa na kibati.

Na si vifo peke yake. Kule Lopé, Gabon, watu wamekuwa wakitembea kila mwezi tangu 1986, miti ile ile, darubini shingoni, wakiandika mti una maua, una tunda, limeiva. Kazi ya kuchosha kuliko ya binti yako. Matokeo yake yalitoka 2020: mwishoni mwa miaka ya 1980 ulipata mti wenye tunda bivu katika kila miti kumi hivi, na siku hizi itabidi utazame zaidi ya hamsini. Wanashuku ni kwa sababu usiku umekuwa wa joto, na baadhi ya miti ile inahitaji baridi ya chini ya nyuzi 19 ili ianze kutoa maua. Tembo wanaokula matunda hayo walionekana kukonda, hali ya miili yao imeshuka kwa asilimia 11 kutoka 2008 hadi 2018. Msitu umesimama pale pale, haujakatwa, uko ndani ya hifadhi ya taifa.

Msee_wa_Roysambu

Nimesoma, sina neno, isipokuwa moja. Kama msitu umeanza kuchoka, si tupande mwingine? Serikali imesema miti bilioni 15 ifikapo 2032. Binti akabidhiwe jembe badala ya tepu.

Mukinduri

Nilijua hili litakuja.

Pandeni. Mimi pia napanda. Lakini mche wa mgrevilea uliopandwa mbele ya kamera na msitu ni vitu viwili. Mwaka 2021 Aida Cuni-Sanchez na wenzake walichapisha vipimo vya misitu ya milimani ya Afrika kutoka nchi 12. Walikuta wastani wa tani 149.4 za kaboni kwa hekta, juu ya ardhi peke yake. Tarakimu ya wataalamu wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kwa misitu hiyo ilikuwa 89.3. Yaani misitu yetu ya milimani ilikuwa na akiba kubwa kuliko ilivyoandikwa vitabuni, na nyingi iko ndani ya miti mikubwa ya zamani. Ukiuangusha mmoja wa hiyo, hesabu miche mingapi na miaka mingapi kuirudisha. Na kwanza upate inayopona: mche unapandwa Aprili, picha inapigwa, Septemba hakuna aliyepita kumwagilia.

Utasema niko Nairobi, nasimulia Gabon na Amazoni. Haya, twende Karura. Ni hekta kama elfu moja katikati ya jiji, na upo kwa sababu Profesa Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka 1999 ili usigawanywe viwanja. Ndani yake kuna vipande vya msitu wa asili, muhugu na mukinduri, na kuna mikaratusi mirefu iliyopandwa na mkono wa mtu. Nawapenda wanaokimbia pale asubuhi. Lakini kama uwanja wa kusoma tabianchi, Karura unachosha: ukingo uko karibu kila upande, joto na upepo vinaingia kutoka barabarani, lantana, kichaka cha kigeni, imejaa pembeni, kuna anayeokota kuni, kuna bomba, kuna njia mpya. Mti ukifa pale una washukiwa kumi. Ili kumtenga mshukiwa mmoja, joto au ukame, lazima tuwe na ploti mbali na watu, na hata hizo ni chache. Mpala kule Laikipia kuna moja ya hekta 120, ya nyika. Budongo, Uganda, kuna zilizoanza kupimwa tangu enzi za Waingereza.

Na usifikirie ni mambo ya mbali, bwana Roysambu. Maji unayooga yanatoka zaidi bwawa la Ndakaini, na Ndakaini inalishwa na mito ya Aberdare. Msitu wa kule ukibadilika, mfereji wako ndio utakaokuambia.

Mwana_Wundanyi

Naomba niongeze kutoka kwetu Taita, maana watu wa Nairobi hudhani ukame ni kukosa mvua tu. Ngangao na Mbololo ni misitu ya ukungu. Asubuhi ukisimama chini ya mti wa asili uliovaa kuvu na ndevu za miti, unaloa, na mvua haijanyesha. Ukungu unashikwa na majani na hizo ndevu, unadondoka. Ukihamia chini ya mikaratusi hatua chache tu pembeni, pakavu. Wazee walijua hivyo kabla ya mtafiti yeyote, ndiyo maana chemchemi zilikuwa na miiko.

Siku hizi wageni wa Chuo Kikuu cha Helsinki wana kituo chao pale Wundanyi na vijana wetu wanafanya nao kazi. Hofu yao ni kwamba dunia ikizidi joto, ukungu utapanda juu zaidi ya kilele. Kilele chenyewe hakiwezi kupanda. Na kuna ndege pale ambao hawako popote pengine duniani. Binti akija tutampokea.

Kamba_na_Panga

Hilo la ukungu ni kweli hata Aberdare. Na mimi nimwambie mwalimu asisahau kima. Kakamega tulikuwa tunaweka kibati leo, kesho kima wamekitoa wanakichezea. Na watu wa vyuma chakavu pia.

Spea_Kirinyaga

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mamake nimemsomea ya Gabon kwa sauti, akanyamaza, akauliza tembo wanakonda kwa kukosa matunda kweli? Nikamwambia imeandikwa hivyo.

Mwalimu, hukunijibu la mzazi. Kuna maisha huko? Na huo mkataba niuangalie vipi kabla hajatia sahihi Jumatatu?

Mukinduri

Mzee, nitakujibu bila kupaka asali. Utajiri haupo. Mikataba ya mwaka mmoja mmoja ndiyo mtindo, kwa sababu wafadhili wanapenda miaka mitatu na mti unataka thelathini. Mradi mmoja niliokulia ndani yake ulikatwa katikati, ploti zikakaa bila kutembelewa mpaka rangi ikafutika, na nusu yetu tukatafuta kazi kwingine. Aliye na ujuzi wa majina ya miti na anayeweza kupanga takwimu kwenye kompyuta hakai sana nyumbani: kuna Muguga kwa watafiti wa misitu, kuna hebariamu, ghala la mimea iliyokaushwa, ya makumbusho pale Museum Hill, kuna ICRAF, watafiti wa miti ya mashambani, pale Gigiri, kuna vyuo, na ndiyo, kuna hao wa hati za kaboni, ambao tangu sheria ya tabianchi ilipofanyiwa marekebisho 2023 wanahitaji vipimo vinavyoweza kutetewa. Sheria hiyo imewapa wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi, Msee wa Roysambu asome kidogo. Mwenye kujua kupima vizuri ndiye anayeweza kuwaumbua wanaopima vibaya. Baada ya mwaka mmoja au miwili aombe shahada ya uzamili, asingoje mkataba wa tatu.

Kwenye mkataba atazame bima ya ajali, na iseme wazi kwamba inashughulikia kazi ya msituni, si ya ofisini. Aulize nani ana gari la dharura na hospitali gani ya karibu ina dawa ya sumu ya nyoka. Posho ya siku za msituni ilipwe kabla ya safari. Baada ya safari huwa inageuka hadithi. Aulize kama jina lake litaandikwa kwenye chapisho, maana wasaidizi wengi wametokwa jasho na kuishia kwenye shukrani za ukurasa wa mwisho, na hiyo haimsaidii akiomba nafasi ya masomo. Na kila jioni apige picha kurasa za daftari lake kwa simu. Daftari likitumbukia mtoni, msimu mzima umeenda nalo.

Gamubuti anunue zinazofika magotini, namba moja juu ya kiatu chake ili soksi mbili zienee. Tepu wamwonyeshe kwanza kabla hujatoa pesa: ile ya kazi yetu imechorwa kipenyo moja kwa moja, kila sentimita yake ni sentimita 3.14 za mzingo. Za fundi nguo za pale Gikomba asizibebe, zinavutika zikilowa.